Vidole Viwili vya Njia

Mama Mudogo Eveline alifika kwetu Jumatatu moja ya mwezi uliopita, juu ya kamio, lori la mihogo lililotoka Nyunzu, vumbi jekundu limemuingia mpaka ndani ya nyusi. Yeye ni mudogo wa mama yangu, mutoto wa mwisho wa Nkambo, na hakuwa amekanyaga Kalemie kwa miaka mitatu. Nkambo, bibi yangu ninayeishi naye, alimutambua kwa hatua, maana siku hizi macho yake yanaona mwanga na kivuli tu. "Eveline," akasema, "umekonda. Ninasikia unavyotembea." Mama Mudogo akacheka kidogo, akaweka muzigo chini. Jioni ile tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaangwa, tukaongea habari ya njia, ya daraja lililovunjika, ya karanga zilizokosa mvua. Jina la Rebeka halikutajwa. Siku ya pili pia halikutajwa. Siku ya tatu, tukiwa uani tunachambua sombe, majani ya mihogo, Mama Mudogo aliuliza swali moja, na jibu alilopewa lilikuwa la uongo, na mimi nilikuwa nimekaa palepale, majani mikononi. Siwezi kueleza swali lile bila kurudi kwenye mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tano.

Mwaka ule nilihamia kwa Nkambo kwa sababu nyumba yake iko karibu na lise, shule yangu ya sekondari, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mutoto asiyeongea hachoshi nyumba. Nilikuwa musichana wa kujificha. Mwalimu akiuliza swali nililijua jibu, nikaliandika pembeni mwa kaye, daftari langu, nikaacha mwengine aseme. Chumba cha mbele cha Nkambo kilikuwa na meza, benchi, picha ya ubatizo wa mama yangu na wadogo zake, na mashini ya kushona, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, chini ya dirisha linaloangalia njia. Haikuwa mashini ya broderi, ya kutarizi maua, Nkambo aliilazimisha tu. Alifungua kile kiguu cha chuma kinachokandamiza nguo, akafunika meno ya mashini kwa kipande cha bati alichokata kwenye mukebe wa nyanya, akatanua kitambaa ndani ya duara la mbao mpaka ukikigonga kinalia, kisha akakanyaga. Hapo nguo haiendi yenyewe tena. Mikono ndiyo inaipeleka chini ya sindano, mbele, nyuma, pembeni, kama mutu anayeandika kwa kusogeza karatasi na kalamu imesimama. Bata, maua, samaki, herufi za jina, vyote vilitoka hivyo. Watu wakubwa hakuwashonea. "Mukubwa atarudisha nguo na kelele," alisema. "Mutoto anavaa, anakojolea, tumemaliza."

Jumamosi benchi lilijaa wanawake wenye wajukuu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mashini, mahali ambapo mutu akiingia hanioni, na mengi ninayoyajua juu ya ndoa za Kalemie niliyasikia pale. Aliyekuja kila wiki, hata bila kazi, alikuwa Mama Odette, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto Lukuga.

"Jina uliandike kubwa," alimwambia Nkambo siku moja, "wakwe waone blanketi limetoka upande gani."

"Mama Odette, mutoto mwenyewe ni mudogo kuliko jina."

"Basi lizungushe. Lipite mpaka mugongoni."

Macho ya Nkambo yalikuwa yameanza kuchoka tayari mwaka ule. Rangi za uzi alizijua, na kitambaa alikijua kwa vidole, lakini zile namba ndogo za kwenye mita zilimukimbia. Basi kazi ya kupima ikawa yangu. Nilipima, nikaandika katika kaye, nikamusomea kwa sauti, yeye akakata. Na mapema kabisa, mwezi wa kwanza, nilikosea. Nilipima kichwa cha mujukuu wa Mama Odette nikashika mita upande wa nyuma, na kofia iliposhonwa ilimufunika mutoto mpaka kidevuni. Mama Odette aliinua mutoto aliyevaa ile kofia, akamuonyesha benchi lote. "Angalieni. Esta amempimia babu." Walicheka mpaka mmoja akashuka chini ya benchi. Nkambo pia alicheka, akafuta machozi, akaniambia, "Muke mwenzangu, hata kama hunipendi, usiniharibie kazi." Ni mizaha ya bibi na mujukuu, hakuna aliyekuwa na ubaya. Lakini kwa wiki nyingi kila mwanamuke aliyeingia aliuliza, "Babu yuko wapi leo?" na mimi nilitamani kuingia ndani ya mukebe wa nyuzi nijifunike. Tangu siku ile, kila namba niliyoisoma kwenye mita, kitu fulani ndani yangu kiliuliza: una hakika?

Rebeka alikuwa mutoto wa kwanza wa Mama Mudogo Eveline. Alizaliwa Nyunzu kabla kidogo ya mwaka ule kuanza, na Nkambo hakuwahi kumuona. Treni ilikuwa inapita leo, halafu mwezi mzima hakuna. Picha kwa simu zilikuja mara moja, giza tupu na kitu kama kisigino. Kwa hiyo Nkambo alimwambia Mama Mudogo amupime mutoto kwa kamba, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa na mama yake. Kamba inashikwa mwisho wake: kutoka hapo mpaka fundo la kwanza ni mukono, bega mpaka kiganja. Kutoka mwisho uleule mpaka fundo la pili ni kuzunguka kifua. Mahali kamba inapokatwa ni urefu, bega mpaka kisigino. Kichwa hakipimwi, kwa sababu kichwa cha mutoto muchanga na kifua chake vinalingana, ukikijua kimoja umekijua kingine. Kamba ilikuja kwa Papa Anselme, aliyepeleka ndagala Nyunzu kila mara na kurudi na karanga. Alikuwa binamu wa mama mukwe wa Mama Mudogo na akifika kule alilala kwake. Mwanaume wa maneno mengi, kila habari aliyoibeba iliongezeka njiani.

Kamba ya kwanza ilipofika Nkambo aliinusa. "Inanuka maziwa," akasema, akanipa. Nilipima mara mbili: kifua sentimita arobaini. Nikamusomea. Yeye akachukua makasi, lakini kabla ya kukata aliweka vidole vyake viwili pembeni mwa alama, akakata nje ya vidole.

"Hivyo ni vya nini, Nkambo?"

"Vidole viwili vya njia. Kamba inaonyesha mutoto wa jana. Gauni inakwenda kwa mutoto wa kesho. Katikati kuna njia, na njia nayo inataka kitambaa chake."

Gauni ile ilikuwa na vifaranga vya njano kifuani, na ilipofika Mama Mudogo alipiga simu. Simu ya nyumba ilikuwa ya mama mukwe wake, na mama mukwe alipenda kuiweka sauti ya nje ili wote wasikie. "Imemukaa vizuri, Mama," alisema Mama Mudogo, na nyuma yake sauti ya mama mukwe: "Mwambie anavaa kama mutoto wa gavana." Nkambo alitembea na maneno hayo mtaa mzima. Kamba ya pili ilikuja katikati ya mwaka, kifua arobaini na tatu, mukono umerefuka, urefu umerefuka. Siku hiyo Papa Anselme, akila mihogo ya kuchemsha mezani kwetu, alisema kwamba mume wa Eveline amekwenda Manono kuchimba madini, na hajulikani atarudi lini. "Nyumba imebaki ya wanawake wawili na simu moja," akasema, akacheka peke yake. Nkambo hakucheka. Aliniambia nichore bata wawili badala ya mmoja, ili mutoto asikae peke yake kifuani.

Kamba ya tatu ilifika mwezi wa kumi, mvua zimeanza. Ilikuwa Jumamosi na benchi limejaa. Papa Anselme alitupa mufuko wa karanga mulangoni, akatoa kamba mufukoni mwa koti, akaondoka mbio kwa sababu ndagala zake zilikuwa zinalowa. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikainyoosha kamba juu ya mita. Mukono: ileile. Nikahama kwenye fundo la pili: arobaini na moja. Nikarudia. Arobaini na moja. Urefu: haukuongezeka hata nusu ya kidole. Nilifungua kaye nikaangalia namba za mara ya pili, halafu nikapima tena, polepole, mita upande wa mbele, nimeishika kwa kucha. Arobaini na moja. Mutoto alikuwa na miezi kumi na moja. Nilijua watoto hawarudi nyuma, kila mutu anajua. Kwa hiyo nilijiambia mengi kwa dakika moja: kamba imelowa, na kamba ya pamba ikilowa inajikunja. Mama Mudogo ameivuta sana. Au ni mimi tu, mimi niliyempimia babu.

"Esta, umelala?" Nkambo aliuliza, mguu tayari kwenye mashini. "Mukono?"

Nikamusomea mukono, nikaongeza kidogo.

"Kifua?"

Mama Odette alikuwa amegeuka kuniangalia, ananyonya chungwa. Niliona mudomo wake uko tayari kwa mchezo. Kama ningesema, "Nkambo, kifua kimepungua," benchi lote lingesimama, wangetaka kuiona kamba, wangeipima, na kama ni mimi niliyekosea...

"Arobaini na tano," nikasema.

"Anakula, huyu," akasema Nkambo, na uso wake wote ukafunguka. Akaweka vidole vyake viwili, akakata.

Jioni ile niliandika katika kaye yangu nyingine, ile ambayo hakuna anayeisoma: "Ni 41. Nimesema 45." Ipo mpaka leo, kwa wino wa bluu, herufi nzuri. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Gauni ilichukua siku nne. Nkambo alitaka samaki kuzunguka pindo lote, kundi la ndagala, kwa sababu mutoto wa ziwa anakulia mahali ambapo samaki wanafika wamekauka. Mimi nilichora kwa kipande cha sabuni, samaki mmoja nyuma ya mwingine, na yeye aliwafuata kwa uzi wa fedha ambao alikuwa ameuficha miaka kwa kazi isiyojulikana. Siku ya kwanza nilikusudia kusema tukibaki wawili. Tulibaki wawili, nikauliza kama nichore macho ya samaki. Siku ya pili alikuwa anaimba nyimbo za kanisa, na sikutaka kumukatiza. Siku ya tatu nilifungua kinywa kabisa, akaniambia, "Nini?" nikasema, "Uzi unaisha." Siku ya nne alipiga simu Nyunzu, na mimi nikasimama karibu kuliko kawaida.

"Tuko wazima, Mama," ilisema sauti ya Mama Mudogo. "Kamba ilifika?"

"Ilifika, mwanangu. Kazi iko karibu kuisha. Utaona mwenyewe."

"Muliipima?"

"Tuliipima."

Nilisikia kuku, na mutu anakohoa. "Muipime vizuri, Mama," akasema. Mama mukwe wake akasema kitu kwa nyuma, na simu ikakatika. Nkambo aliangalia simu. "Siku hizi amekuwa na maringo," akasema. "Anafundisha ngedere kupanda muti." Tukaikunja gauni. Nilifunga kifurushi mimi mwenyewe.

Papa Anselme aliporudi hakukaa. Hiyo peke yake ilitosha, kwa mutu ambaye alikuwa anakaa kabla hujamukaribisha. Alisimama mulangoni ameshika kofia, akasema, "Mama, gauni ilifika." Kisha akasema mengine, vipande vipande, hakuongeza kitu hata kimoja. Alimukuta mutoto hospitalini tayari, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Daktari alisema mutoto hakuwa anakula chakula cha mutoto, na kwamba wangemuleta mwezi mmoja mapema ingekuwa neno lingine. Alikufa Jumapili asubuhi. Walimuvalisha gauni ya Nkambo.

"Ilimukaa?" aliuliza Nkambo. Sijui kwa nini aliuliza hivyo. Nadhani ni swali ambalo kinywa chake kilikuwa kimelizoea.

Papa Anselme aliangalia kofia yake. "Ilikuwa kubwa, Mama. Sana. Eveline aliikunja nyuma."

Wiki ile Nkambo alifunga nguo zake katika kitenge, na kila asubuhi nilimusindikiza kwenye treni. Tulikaa juu ya reli na wanawake wengine wenye mabeseni, mpaka jua likawa kali, na mutu wa biro, ofisi ya treni, akatoka akasema leo haipo. Kamio zilikuwa zimekwama kwenye matope, ilisemwa tano, ilisemwa kumi. Siku ya sita hakufunga tena kile kitenge. Alikaa mbele ya mashini bila kukanyaga, akaniuliza, bila kugeuka, "Esta, ile kamba iko wapi?" Nilikuwa nimeitia motoni chini ya sufuria ya maharagwe, siku ileile ya Papa Anselme. Nikasema, "Labda panya." Akaitika kwa kichwa. Hakuuliza tena, si siku ile, si mwaka mwingine. Aliendelea kushona mpaka macho yakamukatalia kabisa, lakini hakunipa tena mita. Wateja walikuja na vipimo vyao vimeandikwa na watoto wao wa shule, na Nkambo aliwaambia wasome wao wenyewe kwa sauti. Nilidhani ni kwa sababu ya huzuni. Nilikuwa ninataka sana kudhani hivyo.

Sasa nirudi uani, mwezi uliopita, kwenye sombe. Mama Mudogo alikuwa anang'oa vijiti kwenye majani, haraka, kama mutu anayetaka kumaliza, kisha mikono yake ikasimama.

"Mama," akasema, "ile kamba ya tatu. Nani aliipima?"

Nkambo aligeuza uso upande wa sauti. "Kwa nini unauliza leo?"

"Kwa sababu ninaulizaga kila siku, lakini peke yangu." Hakupandisha sauti. "Mama mukwe alisema maziwa yangu yameoza, mwanaume hayupo, kwa hiyo ni maziwa ya kuleta kifo. Akanikataza kunyonyesha. Akamulisha maji ya mihogo. Simu njo yake, nikisema neno anasikia. Papa Anselme njo ndugu yake. Nikasema moyoni, kamba hawajui kuisoma. Mama anajua. Mama akiona kifua kimerudi nyuma atakuja, hata kwa miguu, au atatuma mutu wa kanisa. Nilipima vizuri, Mama. Nilipima mara tatu. Nikangojea. Halafu ikaja gauni, na ilikuwa kubwa."

Jirani alikuwa anapasua kuni. Niliyahesabu mapigo ya shoka, nikafika saba. Kinywa changu kilikuwa wazi, hilo ninalikumbuka.

"Njo miye niliipima," akasema Nkambo.

"Wewe?"

"Miye. Macho yalikuwa yameanza. Nilisoma vibaya, sikutaka watu wajue kama sioni." Akanyoosha mukono wake, ukatafuta hewani, ukaangukia goti langu, akaukaza pale. Haukuwa mukono wa kubembeleza. Ulikuwa unanishikilia chini, kama anavyoshikilia kitambaa ndani ya duara.

Mama Mudogo aliinuka akaacha majani. Kutoka siku ile aliongea na Nkambo kwa maneno ya lazima: chukua, kula, maji haya. Alikula chumbani. Nkambo alimusikia akipita, akageuza kichwa, akakirudisha. Na mimi nilipika, nikaosha, nikapeleka sahani huku na sahani kule. Mara mbili nilimwambia Nkambo kwamba nitasema ukweli. Mara zote mbili akajibu, "Miye niko muzee, nitakwenda nayo. Wewe utakaa na ile kitu makumi sita ya miaka? Nyamaza. Kunyamaza unajua." Sidhani alitaka kunichoma. Lakini alisema.

Jumamosi nilimubebea Mama Mudogo muzigo mpaka mahali kamio zinapopakia. Alikuwa ametanguliza mifuko yake ya chumvi, amebakiza kupanda. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu njia nzima, na ilipofika saa yake ikatoka fupi.

"Mama Mudogo, kamba ni miye nilipima."

Aligeuka. Mwanamuke mwenye kuku alipita katikati yetu, tukangoja apite.

"Uliona ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na ulisema ngapi?"

"Arobaini na tano."

Aliangalia mikono yangu, muda murefu, kama kwamba namba ilikuwa bado imeandikwa pale. Nilingoja anipige, na ningefurahi.

"Mama anajua kama unaniambia?"

"Hapana."

"Usimwambie." Dereva alipiga honi, watu wakaanza kusukumana. Mama Mudogo akashika ubao wa kamio, akaweka mguu kwenye gurudumu, akasimama hapo nusu chini nusu juu. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tano."

"Miye nilikuwa na makumi mbili na mbili," akasema. "Hospitali ilikuwa nyuma ya soko. Miguu nilikuwa nayo. Kinywa nilikuwa nacho. Nikatuma kamba."